Zile risasi mbili za Kuruma

Kila mtu akiachiwa mahakamani kwa sababu upekuzi ulikosewa, mitandaoni ni kelele tupu, jamaa kakutwa na mzigo kabisa halafu anatoka eti kisa karatasi haikusainiwa, hii nchi bwana! Na mimi nilikuwa humohumo napiga hizo kelele, mpaka niliposoma kesi ya Kuruma wa Kaniu.

Ni ya Kenya, wakati wa hali ya hatari, vita vya Mau Mau. Kuruma kapata siku ya mapumziko kazini, kachukua baiskeli anaenda kwao, kufika kwenye kizuizi polisi wakampekua, wakasema wamemkuta na risasi mbili na kisu kidogo cha mfukoni. Kwa kanuni za wakati ule risasi mbili zilitosha kunyongwa, na kweli alihukumiwa kifo. Sasa kanuni hizohizo zilisema wa kupekua lazima awe na cheo cha mkaguzi msaidizi kwenda juu, na waliompekua walikuwa chini ya hapo. Rufaa ikaenda hadi London, Privy Council, iliyokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni ya Uingereza, na jaji Lord Goddard akajibu kwamba ushahidi ukihusiana na kesi unapokelewa, umepatikanaje haiwahusu. Akaegemea na msemo wa jaji mmoja wa Uingereza wa 1861, kwamba hata ungeuiba ungepokelewa tu.

Halafu angalia vizuri. Kisu hakikuletwa mahakamani. Watu watatu waliodaiwa kushuhudia upekuzi hawakuitwa. Kulikuwa na njia nyingine isiyo na kizuizi na yeye akapita kwenye kizuizi, sasa niambie wewe una risasi mfukoni, enzi zile, unajipeleka mwenyewe kupekuliwa?

Hapo ndo nilipoelewa. Tunasema "kakutwa nazo" kama vile tulikuwepo. Hatukuwepo! Tunachojua ni neno la aliyepekua, na ule utaratibu tunaouita vikaratasi, cheo cha afisa, shahidi wa mtaani, risiti ya vitu vilivyochukuliwa, ndo kitu pekee kinachoweza kutuambia kama alikutwa nazo au kabambikiwa. Na Mtanzania humwelezi maana ya kubambikiwa, analijua neno hilo vizuri.

Kenya walibadilisha, katiba ya 2010 ibara ya 50(4) inataka ushahidi uliopatikana kwa kuvunja haki za mtu utupwe kama kuupokea kutafanya kesi isiwe ya haki au kutaharibu utoaji haki. Sisi sheria yetu ya mwenendo wa makosa ya jinai, ya 1985, ukiniuliza imekaa vizuri zaidi kwenye kitu kimoja: anayetaka ushahidi uliopatikana kinyume cha sheria upokelewe ndo mwenye mzigo wa kuishawishi mahakama, kwamba kuna manufaa ya umma na hakuna anayeumizwa haki zake isivyostahili. Ila imeacha mlango, maana moja ya vitu jaji anavyoangalia ni uzito wa kosa, kosa likiwa zito ni rahisi zaidi kupokea. Mimi hapo ndo sikubaliani kabisa, kosa likiwa zito na kifungo si ndo kinakuwa kirefu? Ya Kuruma ilikuwa nzito kuliko zote, na kile kisu hawakuona haja ya kukileta.