Mia kwa mia ya nani?

Shemeji yangu katuma tena ile video kwenye grupu la familia. Vijana weusi wa Chicago, makoti meusi, wanavua tai nyekundu na kuvaa zenye mistari ya dhahabu kwa kuwa wamepata chuo. Chini kaandika: "Mia kwa mia! Jifunzeni." Makofi yakamiminika. Mimi nikaweka swali, grupu likanuna.

Shule yenyewe ni Urban Prep, shule ya wavulana ya chata, yaani inalipiwa na serikali lakini inaendeshwa na taasisi binafsi, iliyofunguliwa mtaa wa Englewood, Chicago, mwaka 2006. Mwaka 2010 wahitimu wake wa kwanza, 107, wote walikubaliwa vyuo vya miaka minne. Sibishi. Niliuliza tu: darasa la tisa waliingia wangapi?

Kama 150.

Ukitaka kuijua shule, chukua jedwali lake la uandikishaji, lakini usiishie kwenye mstari wa mwaka mmoja. Lisome kwa mshazari: darasa la tisa mwaka huu, la kumi mwakani, la kumi na moja mwaka unaofuata, mpaka la kumi na mbili. Hapo ndipo utaona watoto wanavyoyeyuka. Kisha tazama wanaoyeyuka ni akina nani. Wenye mahitaji maalumu? Wanaojifunza Kiingereza? Chata wanajisifu kwamba wanaingiza watoto kwa bahati nasibu, mlango wa mbele wazi kwa wote. Mimi naulizia wa nyuma. Na kiwango cha kuhitimu hakitakuambia kitu, maana kwa kanuni za Marekani mtoto aliyehama kwa karatasi zilizokamilika huondolewa kwenye hesabu ya shule aliyotoka. Hakufeli, hakuacha shule, ni kama hakuwahi kuwepo! Akishindwa huko alikokwenda, aibu ni ya shule ya serikali ya jirani, ambayo nayo tutaiita mbovu.

Haya, nikubali, ingawa sipendi. Kati ya walioingia 2006, asilimia 4 tu ndio walikuwa wakisoma kwa kiwango cha darasa lao. Kutoka hapo hadi 107 wenye barua za chuo si mchezo. Na hilo pengo la 43 si kwamba wote walitimuliwa. Wengine huhama mtaa, wengine hurudia darasa. Shule za jirani nazo hupoteza watoto. Sawa, basi nazo tuzisome kwa mshazari uleule.

Mwenzenu nina kidonda. Dada yangu aliitwa ofisini mwanawe alipomaliza kidato cha tatu. Wastani umepungua alama mbili. Barua ya uhamisho ilikuwa mezani, mhuri umeshagongwa, jina la shule anayokwenda limeachwa wazi, vitone tu. "Mama, jaza mwenyewe." Mwaka uliofuata bango likatundikwa getini: HATUNA ZIRO. NECTA walipoacha kutangaza shule kumi bora, Januari 2023, nikadhani mambo ya mabango yamekwisha. Wapi!

Shemeji kanijibu usiku: "Wewe kila kizuri lazima ukitie doa." Yeye ndiye aliyemsaidia dada kujaza vile vitone. Mtoto akaenda shule ya kata, akapata divisheni three.