Nitumie Faili Lenyewe, Tafadhali

Mteja aliniandikia: "Kazi ni ndogo tu, kurasa 12." Nikafungua kiambatisho. Kurasa 12 kweli, ila zote picha. Mtu aliandika mkataba kwenye Word, akauprinti, akautia sahihi, akaulaza kitandani na kuupiga picha kwa simu (najua ni kitandani kwa sababu shuka la maua linachungulia pembeni), akazigeuza picha kuwa PDF, ndipo akanitumia. Ukurasa wa 7 umelala ubavu. Wa 9 una kivuli cha mkono wake.

Mimi ni mtafsiri, nalipwa kwa idadi ya maneno, na kompyuta haioni neno hata moja kwenye picha. Zipo programu za kusoma maandishi ya picha, nami nazitumia, lakini zina vituko vyake: O inageuka sifuri, l inakuwa 1, r na n zikibanana zinasomeka m. Kwenye mkataba wenye tarehe na viwango vya fedha, huo si mzaha. Inabidi nipitie kila tarakimu kwa macho yangu, mara mbili.

PDF yenyewe siilaumu. Adobe waliitoa mwaka 1993 ili ukurasa uonekane vilevile kwenye kompyuta yoyote, na kazi hiyo inaiweza. Kufumuliwa na kushonwa upya ndiko isikokutaka. Hata ile isiyo picha, ukinakili aya na kuibandika kwenye Word, mara nyingi kila mstari unakatika pale ulipoishia, na sentensi moja inanijia vipande vitatu. Majedwali ndiyo usiseme: yanamwagika kama shanga zilizokatika uzi.

Kinachoniudhi hasa ni kwamba faili la Word karibu kila mara lipo. Limekaa kwa aliyeliandika, na mteja hakuona haja ya kuliomba, au anahofia litachezewa. Sasa litachezewaje, na nakala yake anabaki nayo?

Siku hizi, kabla ya kutaja bei, nauliza: "Hii aliiandika nani?" Faili lisipopatikana, kazi ya kuchapa upya naitoza peke yake, tena kwa saa. Yule wa shuka la maua alipoona makadirio hayo alinyamaza kama dakika kumi hivi. Kisha likaingia faili la Word, kurasa 12, safi kabisa, na ujumbe mfupi: "Kumbe hata hili linakufaa?"