Fuvu la Kalenga: Jalada Lililofungwa Kabla ya Wakati

Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ulioandikwa ili kuhitimisha Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia na kugawa upya mipaka, meli, migodi na fedha za mataifa, una kifungu kimoja kinachohusu kichwa cha mtu. Ni kifungu cha 246. Sehemu yake ya kwanza inaitaka Ujerumani irudishe, katika muda wa miezi sita, Kurani ya Khalifa Othman ambayo Waturuki waliiondoa Madina. Sehemu inayofuata inaitaka iikabidhi Serikali ya Uingereza, katika muda huo huo, fuvu la Sultani Mkwawa, Mtwa yaani mtawala wa Wahehe, lililochukuliwa kutoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Miezi sita ilipita, miaka kumi ikapita, na fuvu halikuonekana. Lilipoletwa Kalenga, mkoani Iringa, tarehe 19 Juni 1954, ilikuwa imetimia miaka karibu 35 tangu mkataba utiwe saini, na karibu miaka 56 tangu kichwa chenyewe kikatwe.

Wengi wetu tulisoma kisa hiki shuleni tukaambiwa kwamba kiliishia hapo. Mimi naamini hakikuishia hapo. Naamini kwamba fuvu lililoko Kalenga halijawahi kuthibitishwa kuwa ni la Mtwa Mkwawa kwa namna ambayo mpelelezi makini angeikubali, na kwamba ukoo wake na Serikali wana haki, na kwa maoni yangu wana wajibu, wa kulipima sasa wakati wazao wake wapo na ujuzi wa kulipima upo.

Tuangalie kwanza namna kichwa kilivyopatikana. Tarehe 17 Agosti 1891, wapiganaji wa Kihehe walikivamia huko Lugalo kikosi cha Emil von Zelewski kikiwa safarini, wakamuua kamanda huyo pamoja na maofisa wenzake na askari wengi mno. Wajerumani hawakuisahau siku ile. Tarehe 30 Oktoba 1894 waliiteka ngome ya Kalenga, lakini Mkwawa aliponyoka, na kwa karibu miaka minne akawa anahamahama porini huku wakimsaka. Walimweka ndugu yake Mpangile atawale badala yake, kisha mwaka 1897 wakamnyonga huyo Mpangile kwa tuhuma za kushirikiana na ndugu yake. Wakatangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayemleta Mkwawa.

Tarehe 19 Julai 1898, sajini mmoja aliyeitwa Merkl, akiongoza doria katika eneo la Mlambalasi, alimkamata kijana aliyewaonyesha mahali ambapo Mkwawa alikuwa amelala akiugua. Kwa maelezo ya Merkl, waliona watu wawili wamelala chini, wakafyatua risasi, na walipofika wakakuta wote wawili ni maiti, mmoja wao, Mkwawa, akiwa amekwisha kujiua kabla risasi zao hazijafika. Merkl akaamuru kichwa kikatwe ili kipelekwe Iringa. Mwili ulizikwa Mlambalasi bila kichwa, na kaburi lake lipo huko hadi leo.

Msomaji aliyezoea habari za uhalifu ataona mara moja tatizo la ushahidi huu. Maelezo ya kina tuliyo nayo juu ya dakika zile yametoka kwa mtu aliyekuwa akimwinda marehemu, mtu ambaye alikuwa na kila sababu ya kutaka maiti ile iwe ya Mkwawa na si ya mwingine. Sisemi kwamba Merkl alidanganya. Wahehe wenyewe wanakubali kwamba mtawala wao alijiua ili asikamatwe akiwa hai, na kukubali kwao kuna uzito kuliko taarifa ya sajini. Ninachosema ni kwamba kuanzia pale kichwa kilipofika Iringa, uzi unakatika. Hakuna karatasi iliyowahi kutolewa hadharani inayoonyesha kilitoka mkononi mwa nani kwenda kwa nani, kilipakiwa lini melini, wala kilipokelewa na taasisi gani huko Ujerumani.

Kupotea huko kunaeleweka vizuri zaidi ukijua biashara iliyokuwa ikiendelea wakati ule. Maofisa na madaktari wa jeshi katika makoloni walikuwa wakituma mafuvu Ulaya kwa maelfu. Jijini Berlin, Felix von Luschan alikusanya hazina kubwa ya mafuvu ya watu kutoka pande zote za dunia, kwa imani kwamba umbo la kichwa hufichua asili ya mtu na kabila lake. Makaburi yalifukuliwa, walionyongwa walikatwa vichwa, na mifupa ikasafirishwa ikiwa imeandikwa kwa wino mahali ilikotoka, mara nyingi bila jina la mwenyewe. Nalihesabu jambo hili kuwa ni wizi wa makaburi uliovishwa koti la daktari, na sioni sababu ya kulipunguzia jina hilo kwa kisingizio kwamba zama zilikuwa nyingine, kwa kuwa hata wakati huo hakuna familia ya Kijerumani ambayo ingekubali kichwa cha babu yao kiwekwe kwenye rafu kwa utaratibu huo.

Sasa tufike Bremen, maana hapa ndipo kesi ilipofungwa. Mwaka 1953 Sir Edward Twining, Gavana wa Tanganyika, alikwenda katika jumba la makumbusho la mji huo, lililokuwa na mafuvu yapatayo 2,000. Kati ya hayo, 84 yalikuwa yametoka katika iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Gavana alikuwa na vipimo vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai. Kipimo chenyewe ni rahisi: unachukua upana wa fuvu, unaugawa kwa urefu wake, kisha unazidisha kwa mia. Mafuvu ambayo hesabu yake ilikaribiana na ya ndugu hao yakatengwa pembeni, na miongoni mwa hayo yaliyotengwa, moja tu lilikuwa na tundu la risasi. Hilo ndilo lililotangazwa kuwa la Mkwawa.

Ninaomba msomaji asiipite haraka hatua hii. Uwiano wa upana na urefu wa kichwa hauwezi kumtambulisha mtu mmoja. Watu wasiohesabika, wa makabila yasiyohusiana hata kidogo, wana uwiano ule ule, na ndugu wa tumbo moja wanaweza kutofautiana. Tundu la risasi nalo halina nguvu linayopewa. Mafuvu yale yalitoka katika koloni lililoendeshwa kwa bunduki, ambako walipigwa risasi Wahehe, Wachaga, Wangoni, Wanyamwezi na wengine wengi, na vita vya Majimaji peke yake vilileta vifo visivyo na idadi kamili. Kukuta fuvu lenye tundu la risasi katika mkusanyiko wa namna hiyo si ajabu. Tena hakuna aliyethibitisha kwamba kichwa cha Mkwawa kilifika Bremen. Kama kilipelekwa Berlin, au mji mwingine, au kama kilifukiwa mahali, basi hata vipimo sahihi kuliko vyote visingekipata katika rafu za jumba lile. Gavana alichagua lililofanana zaidi kati ya aliyoonyeshwa.

Kinachoniuma zaidi ni kifaa kilichotumika. Elimu ya kupima mafuvu ndiyo iliyofanya vichwa vya watu wetu vikatwe na kusafirishwa, na elimu hiyo hiyo, ambayo kufikia mwaka 1953 ilikuwa imekwisha kupoteza heshima mbele ya wanasayansi, ndiyo iliyoitwa kuja kutuambia yupi ni wetu. Kama ushahidi wa aina hiyo ungeletwa mahakamani leo dhidi ya mshtakiwa, wakili wake asingehitaji hata nusu saa kuubomoa.

Sidai kwamba Twining alifanya hila. Lakini wakati haukuwa wa kawaida. Kenya ilikuwa katika hali ya hatari kwa sababu ya vita vya Mau Mau, na serikali ya kikoloni ya Tanganyika ilihitaji urafiki wa watawala wa jadi wenye heshima kama Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, ambaye baadaye alikuja kuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi. Fuvu lilikabidhiwa kwa sherehe kubwa tarehe 19 Juni 1954; siku 18 baadaye, tarehe 7 Julai, TANU ilizaliwa jijini Dar es Salaam. Gavana alihitaji fuvu lipatikane, na mtu anayehitaji jibu kwa kiasi hicho hafai kuwa ndiye mchunguzi pekee.

Tofauti kati ya wakati ule na sasa ni kubwa. Mwezi Septemba 2023, taasisi ya Stiftung Preußischer Kulturbesitz ya Berlin, ambayo imechunguza mafuvu zaidi ya 1,100 kutoka Afrika Mashariki, ilitangaza kwamba kwa kulinganisha vinasaba (DNA) vya baadhi ya mafuvu na vya watu wanaoishi Kilimanjaro, ndugu wamepatikana, na fuvu moja limebainika kuwa la Akida, mshauri wa Mangi Meli, mtawala wa Wachaga wa Moshi. Mangi Meli mwenyewe alinyongwa Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, na kichwa chake hakikuwamo miongoni mwa yaliyotambuliwa. Tarehe 1 Novemba mwaka huo huo wa 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani aliomba radhi mjini Songea na kuahidi kusaidia kutafuta mabaki ya Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa mwaka 1906. Fuvu la Kalenga, ambalo lilikwisha kurudi nyumbani, halimo katika juhudi hizi kwa sababu jalada lake linahesabiwa kuwa limefungwa.

Kwa upande wa kitaalamu, suala la Mkwawa lina nafuu kuliko mengine mengi. Kromosomu Y hurithishwa kutoka kwa baba kwenda kwa mtoto wa kiume karibu bila mabadiliko, na ukoo wa Mkwawa unafahamika vizuri kupitia kwa wanaume: Mkwawa, mwanawe Sapi, mjukuu wake Adam Sapi, na waliofuata. Unga kidogo wa mfupa unaozunguka sikio la ndani, au wa jino kama lipo, ungetosha kujaribu, pamoja na mate ya wanaume wawili watatu wa ukoo huo. Hakuna haja ya kufukua kaburi la Mlambalasi. Mifupa ya kale huhitaji maabara maalumu, lakini Ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali inashughulika na vinasaba vya binadamu kila siku, nayo inaweza kuwa mwangalizi wa upande wetu hata kama kazi yenyewe itafanyika kwingine.

Najua wapo watakaosema kwamba kuuliza swali hili ni kuwavunjia heshima Wahehe, ambao walilipokea fuvu lile, wakalilia, wakalitunza. Hoja hiyo naiheshimu, na ndiyo maana nasema uamuzi uanze kwa ukoo na si wizarani wala kwa wageni wenye fedha za utafiti. Wakikataa, wamekataa, na hakuna mwenye haki ya kuwalazimisha. Lakini hatuwezi kuwataka wazao wa Mangi Meli na wa Songea wangoje uthibitisho wa vinasaba kabla ya kukubali mifupa, huku tukiridhika kwamba wazao wa Mkwawa walipewa fuvu kwa rula na tundu la risasi.

Na ikiwa majibu yataonyesha kwamba si la Mkwawa, hiyo itakuwa habari nzito, lakini haitakuwa aibu ya Kalenga. Itamaanisha kwamba kichwa cha Mtwa bado kiko Ujerumani, au kimefukiwa mahali, na kwamba msako ulioachwa mwaka 1954 una sababu ya kuanza tena. Itamaanisha pia kwamba ndani ya kile kioo cha makumbusho ya Kalenga amekaa kwa miaka yote hii mtu mwingine aliyepigwa risasi, mtu mwenye kijiji na jamaa ambao hawakuwahi kuulizwa lolote, na ambaye ulinganisho wa vinasaba kama ule wa Kilimanjaro unaweza kuonyesha alikotoka. Mafuvu mengine 83 yaliyokuwa katika rafu za Bremen yanastahili kupimwa pamoja naye, na ombi la kufanya hivyo linaweza kuandikwa Iringa mwaka huu.