Wazee Wafundishwe Kuanguka

"Kaa tu bibi, usije ukaanguka." Maneno haya tunayasema kwa mapenzi kabisa, na ndiyo yanayowamaliza wazee wetu. Mzee akikaa, miguu inalegea. Miguu ikilegea, kila hatua inakuwa ya mashaka, hofu inazidi, naye anazidi kukaa. Mwishowe anaanguka humohumo ndani, akinyanyuka kwenda chooni.

Shangazi yangu wa Chang'ombe, hapa Dodoma, alijikwaa kwenye mtaro msimu wa mvua. Hakuvunjika popote, michubuko ikapona upesi. Hofu ikabaki. Soko la Majengo haendi tena, na jumuiya inamfuata nyumbani. Ndani anatembea kwa kushika ukuta, hata rangi ya korido imepiga weusi mstari mzima, usawa wa kiganja chake.

Hofu hiyo si ya bure. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, na wenye zaidi ya miaka 60 ndio wengi. Ninachopinga ni dawa tunayowapa.

Dawa mimi naiona kwenye judo, mchezo ulioasisiwa na Jigoro Kano huko Japani mwaka 1882. Mwanafunzi wa judo, kabla hajaruhusiwa kumwangusha mwenzake, hufundishwa yeye mwenyewe kuanguka. Wanaita ukemi. Kidevu kinabanwa kifuani ili kisogo kisigonge chini. Mgongo unapindwa uviringike. Mkono haunyooshwi kujikinga, maana hapo ndipo kifundo kinapovunjika. Unapigwa chini wote kwa mpigo mmoja, kishindo kisambae. Uholanzi na Sweden wameshazipeleka mbinu hizi kwa wazee.

Kwa mzee hakuna kurushana. Anaanza akiwa amelala kwenye godoro, anabana kidevu na kujiviringisha ubavu kwa ubavu. Akizoea, anaanzia kwenye kukaa, kisha kuchuchumaa, mwalimu kamshika. Mwenye mifupa iliyopungua nguvu, au aliyewahi kuvunjika, aanzie kwa daktari. Huenda yeye akabaki na mazoezi ya kusimama imara tu, na hayo nayo yanasaidia sana.

Lakini somo ninalolipa uzito kuliko yote ni la kuinuka. Geuka ubavu, piga magoti, shika kiti, tanguliza mguu mmoja, simama. Mzee anaogopa kulala pale sakafuni tangu asubuhi, watoto wako kazini Mtumba, jirani hasikii. Akijua ataamka mwenyewe, nusu ya hofu imeondoka.

Mazoezi ya vijana kwa kawaida ni jioni. Naomba walimu wa judo na karate wa hapa mjini wawape wazee ukumbi saa tatu asubuhi, hata mara mbili kwa wiki. Sera ya Taifa ya Wazee tunayo tangu 2003 na mabaraza ya wazee yapo, yawaunganishe.

Ila darasa la kina mama liwe na mwalimu mwanamke, mlango ufungwe, na suruali ivaliwe chini ya kitenge. Bibi wa Kigogo hatabiringika mbele ya vijana wa kiume, nami simlaumu. Wanawake ndio mifupa yao hupungua nguvu zaidi baada ya hedhi kukoma. Tukipanga bila kuwafikiria, tutawaacha nje haohao wanaovunjika nyonga zaidi.