Mwanasayansi anayeomba mkojo

Shangazi yangu wa mtaa wa Umoja, Nairobi, ana sukari. Tangu mwaka uanze, kando ya redio yake kuna chupa ya vidonge vya zambarau, kibandiko kikisema "polifenoli miligramu 500, hurekebisha sukari na presha". Aliinunua shilingi 3,500 kutoka kwa kijana aliyefika kwenye chama chao. Namshukuru Mungu kwamba hajaacha metformin, dawa ya sukari aliyopewa kliniki. Lakini nilipomwambia watafiti hawajakubaliana kuhusu vidonge vya aina hiyo, alinikata kauli: "Hao watafiti wenu hupinga kila kitu cha mimea. Kama hakiuzwi hospitalini, kwao ni uongo."

Maneno haya nimeyasikia Nairobi mara nyingi mno, na yana kosa moja linalonikera. Yanawaweka kapu moja watu wawili tofauti. Kuna daktari anayepuuza habari za mimea bila hata kuzisoma, na huyo simtetei. Halafu kuna mtafiti kama Gunter Kuhnle wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, aliyetumia miaka kuitafuta faida ya polifenoli, kemikali za mimea, akapata dalili zake, kisha akakataa kuzipigia debe kuliko zinavyostahili. Huyu wa pili huonekana mpinzani kwa sababu tu habari zake hazina kelele.

Wanaoziamini polifenoli wana hoja, na tusiwanyime. Hizi ni kemikali ambazo mimea hujitengenezea, maelfu kwa maelfu. Ukakasi wa chai iliyokolea na wekundu wa mtama hutokana nazo. Maabarani, baadhi yake hupunguza kasi ya vimeng'enya vinavyovunja wanga kuwa sukari. Mwaka 2002 watafiti wa Uholanzi waliowafuatilia watu 17,111 waliripoti kwamba waliokunywa kahawa vikombe 7 au zaidi kwa siku walikuwa na nusu tu ya uwezekano wa kupata kisukari cha aina ya pili, wakilinganishwa na waliokunywa 2 au chini. Tafiti za baadaye zikaona mwelekeo huohuo hata kwa kahawa iliyotolewa kafeini, ndipo macho yakageukia polifenoli zake. (Kahawa yenyewe tunailima Nyeri na Kiambu, tunaipakia kwenye meli, kisha tunarudi nyumbani kunywa chai.)

Lakini ushabiki uliipotosha sayansi hii mapema. Kampuni ya dawa ya GSK ilitoa dola milioni 720 mwaka 2008 kuinunua Sirtris, iliyojengwa juu ya ndoto ya resveratroli, polifenoli ya divai nyekundu. Miaka mitano baadaye ikaifunga. Januari 2012 Chuo Kikuu cha Connecticut kilitangaza kwamba mtafiti wake wa resveratroli, Dipak Das, alikuwa ameghushi au kupotosha data mara 145. Mwaka huohuo Wizara ya Kilimo ya Marekani iliondoa jedwali lake la ORAC, lililopanga vyakula kwa nguvu ya kupambana na oksidi, ikisema alama zile hazionyeshi kinachotokea mwilini na wauzaji walikuwa wakizitumia vibaya. Vibandiko vya chupa mjini hapa havijapata habari hiyo.

Sasa turudi kwa Kuhnle. Kero yake ni ndogo hadi inachekesha: hatujui kikombe cha chai kina nini. Gramu 100 za chai iliyo tayari kunywewa zinaweza kuwa na chini ya miligramu 10 za flavanoli, mojawapo ya koo za polifenoli, au zikafika 330. Mara 33! Nimeirudia namba hiyo kichwani wiki nzima, kwa sababu ukiishika vizuri unaona jinsi utafiti mwingi wa lishe ulivyojengwa juu ya mchanga. Mtafiti anakuja na dodoso: unakunywa vikombe vingapi kwa siku? Shangazi anasema vinne. Vinne vya nini? Kwake majani huingia sufuriani pamoja na maziwa na tangawizi, yakachemka hadi povu lipande mara mbili, kisha chai ikakaa kwenye themosi hadi saa kumi jioni. Kibandani Gikomba maji ni mengi na majani ni ya kutia rangi. Ofisini Upper Hill mtu huchovya kifuko mara tatu, akakitoa huku akiangalia simu. Wote wameandika "vinne". Tuseme kikombe ni gramu 200. Kwa vipimo hivyo, mmoja anaweza kuwa amepata chini ya miligramu 80 kwa siku na mwenzake zaidi ya 2,600, na jedwali likawahesabu kuwa sawa.

Ongeza suala la maziwa. Mwaka 2007 watafiti wa hospitali ya Charité, Berlin, waliwapa wanawake 16 chai ya rangi, wakaona mishipa yao ya damu inatanuka vizuri zaidi. Walipotia maziwa, faida ikapotea. Wengine wamepima na kuona maziwa hayazuii katekini (flavanoli za chai) kuingia damuni. Kwa mji unaokunywa chai ya maziwa asubuhi na jioni, hilo si jambo la pembeni.

Kwa hiyo Kuhnle na wenzake wakaacha kuuliza, wakaomba mkojo. Sehemu kubwa ya flavanoli haifyonzwi mapema. Hufika utumbo mpana, bakteria wakazivunja, na mabaki yake yakatoka na mkojo. Mabaki hayo hayasahau wala hayajipendekezi kwa mtafiti. Walipima watu 25,618 wa Norfolk, Uingereza, wakachapisha mwaka 2020. Kati ya sehemu ya kumi iliyopata flavanoli nyingi zaidi na sehemu ya kumi iliyopata kidogo zaidi, tofauti ya presha ilikuwa milimita 2 hadi 4 za zebaki.

Mbili hadi nne. Mwenye presha ya 160 atacheka, na ana haki. Lakini ukiishusha presha ya mji mzima kwa kiasi hicho, wanaookoka kiharusi ni wengi, ingawa hakuna hata mmoja atakayejijua. Faida isiyo na mtu wa kuisimulia haiuzi chupa, na nadhani ndiyo sababu mtafiti mwaminifu hapa kwetu huonekana hana habari njema.

Wenye shaka nao wana la kusema. Utafiti wa Norfolk hauthibitishi chanzo. Pengine wanywaji chai hao walitofautiana na wenzao kwa mambo mengine. Tena Mars, kampuni ya chokoleti, ilichangia fedha, kama ilivyochangia COSMOS, jaribio la Marekani lililohusisha watu 21,442. Nusu yao walipewa miligramu 500 za flavanoli za kakao kila siku, nusu wakapewa vidonge vya kulinganishia visivyo na flavanoli hizo. Matokeo ya 2022: vifo vya moyo na mishipa vilipungua kwa asilimia 27, lakini kipimo kikuu, yaani jumla ya matukio yote ya moyo na mishipa, kilishuka kwa asilimia 10 tu, kiasi ambacho huenda kilitokana na bahati. Walipochambua kisukari, vidonge havikukizuia. Miligramu 500, ile namba iliyo kwenye chupa ya shangazi.

Na nyingi si nzuri daima. Mamlaka ya chakula ya Ulaya ilionya mwaka 2018 kwamba miligramu 800 au zaidi kwa siku za EGCG, katekini ya chai ya kijani, zikimezwa kama kirutubisho huweza kuonyesha dalili za ini kuumia. Chai ya rangi ikinywewa pamoja na mlo iliwahi kupimwa ikazuia asilimia 79 hadi 94 ya madini ya chuma kufyonzwa. Mwenye upungufu wa damu aisogeze saa moja au mbili mbali na chakula.

Lawama ninayoikubali dhidi ya upande wangu ni hii: ukimwambia mtu "bado haijathibitishwa" kila siku, anaacha hata managu. Utafiti wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kwamba asilimia 94 ya Wakenya wazima hawafikishi sehemu tano za matunda na mboga kwa siku. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa chuo kikuu cha JKUAT ametumia miaka mingi kuzirudishia heshima terere, sagaa na managu zilizodharauliwa kama magugu, na hakuhitaji kuzigeuza vidonge. Kuhnle hagombani naye hata kidogo. Fungu la managu kwa mama mboga halijaandikwa kwamba linaponya chochote.

Jumapili nilimwomba shangazi tuisome chupa pamoja. Akavaa miwani, akaizungusha hadi kwenye maandishi madogo. Viungo: dondoo la matunda. Hakukuwa na zaidi. Akarudia kusoma, mara hii kwa kidole.

"Matunda," akasema. "Sasa ni matunda gani haya?"