Kabla ya kuifuta kamati ya zahanati

Huku Nyanda za Juu Kusini kuna hoja ambayo haiishi kwenye mabaraza ya vijiwe, na hata baadhi ya watumishi wanaiunga mkono: kwamba kamati ya usimamizi wa zahanati ni wazee wachache wanaosainishwa mihtasari, na kwamba zama hizi mgonjwa asikilizwe kwa simu. Fungua kundi la WhatsApp la kijiji, mwingize mganga mfawidhi, kila mtu aseme linalomkera. Kamati ipumzike.

Watu wa simu hawajakosea kila mahali. Huduma ya ujumbe mfupi ya Wazazi Nipendeni, iliyoanza 2012, ilimwezesha mjamzito kujisajili kwa kutuma ujumbe kwenda 15001 na kupokea bure ujumbe unaoendana na umri wa mimba yake. M-mama, iliyozinduliwa kitaifa 2022, imekwenda mbali zaidi: unapiga 115 bila malipo, na anayepokea anatafuta gari la wagonjwa, au likikosekana, dereva wa jamii aliyesajiliwa, ili mama au kichanga afikishwe kituo cha juu. Kwa kijiji kilichojibanza huko Kipengere, ambako masika bodaboda inasukumwa zaidi kuliko inavyopandwa, hilo si jambo dogo.

Lakini huduma hizo zilipewa kazi moja moja, na kila moja ina mtu anayelipwa kuifanya. Kundi la WhatsApp la zahanati halina mwenyewe. Tabibu mmoja akiona wagonjwa 60 kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, kila mgonjwa anapata dakika 8, bila chai wala kwenda msalani, na humo humo ajaze rejista za MTUHA, yaani vitabu vya takwimu za wagonjwa. Ujumbe wa kundi atausoma usiku, kwa bando lake. Na anayeandika humo ni mwenye simu janja. Bibi wa Umalila mwenye kitochi kinachochajiwa dukani kwa jirani hayumo, na ndiye anayekuja zahanati kila mwezi kwa sababu ya presha.

Sasa kamati. Wengi wanaoibeza wanaikumbuka ya zamani, iliyokuwa haina cha kuamua. Fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, ule unaochangiwa na wafadhili, ziliishia kwenye akaunti ya halmashauri, na zahanati ikapelekewa chochote kilichopatikana. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati ndiyo inayopitisha mpango na matumizi. Kama ni kukarabati choo, kununua mtungi wa gesi wa jokofu la chanjo au kuongeza dawa, uamuzi unapita mezani kwao. Mtu anayesema kamati haina meno, kwanza aulize kama wajumbe wenyewe wameambiwa wanayo.

Lakini panapoamua kama zahanati inaaminika ni kwenye dirisha la dawa, na hapo ndipo kamati ina jambo ambalo hakuna simu inayolifanya.

Lori la Bohari ya Dawa linafika. Kwa utaratibu, wajumbe wa kamati wanaitwa kushuhudia. Maboksi yanashushwa, yanahesabiwa, tarehe za kuisha muda zinaangaliwa, na hati ya mapokezi inasainiwa. Kwenye hati kuna safu ya kilichoombwa na safu ya kilicholetwa, na safu hizo mara nyingi hazilingani. Tuseme zahanati iliomba maboksi 20 ya amoksilini ya watoto, vile vidonge vya kuyeyusha vya miligramu 250, yakaja 8. Wajumbe wameona na kusaini. Hati inaingia kwenye faili, faili linaingia kabatini.

Wiki tatu baadaye ni Julai, Makete au Mufindi, baridi inang'ata na vifua vya watoto vimebana. Mama anafika dirishani na kadi ya CHF iliyoboreshwa, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, ambayo kaya ya watu sita imekuwa ikiilipia shilingi 30,000 kwa mwaka. Anaambiwa: “Hamna, kanunue nje.” Anatoka na jibu moja tu kichwani: wamekula. Diwani analisikia, mkutano wa kijiji unalisikia, na mwaka unaofuata kaya kumi hazilipii tena kadi. Ushahidi kwamba hakuna aliyekula upo hatua chache kutoka hapo dirishani, umesainiwa na majirani zake. Tatizo ni kwamba hakuna aliyepewa kazi ya kumwambia.

Tiba yake haihitaji programu. Ubao mweusi nje ya dirisha, chaki, na dawa tano tu ambazo watu wanaziulizia kila siku: amoksilini ya watoto, ORS na zinki, dawa ya presha, vidonge vya kuongeza damu kwa wajawazito, dawa mseto ya malaria. Kwa kila dawa: iliombwa kiasi gani, imekuja kiasi gani, tarehe, na majina ya wajumbe wawili walioshuhudia. Ikiwa Bohari imethibitisha haina dawa hiyo na halmashauri imeruhusu inunuliwe kwa mshitiri, yaani msambazaji binafsi aliyeteuliwa kuuza kile Bohari ilichokosa, iandikwe hivyo. Mama akisoma “mshitiri, imeombwa tarehe 4”, hataacha kununua nje siku hiyo, ila hatamwita muuguzi mwizi.

Waganga wafawidhi wengi hawaupendi ubao, na woga wao si wa bure. Mwanasiasa akipita ataupiga picha. Watu wakijua zimebaki chache watakuja kuchukua za akiba. Hilo la pili ni kweli, ndiyo maana ubao uonyeshe kilichofika na kisichofika, usionyeshe salio. Hilo la kwanza halikwepeki kwa ukimya: mwanasiasa asiyeona ubao atasimama mkutanoni na uvumi, na uvumi hauna hati ya mapokezi.

Kamati ina kasoro, tena kubwa. Katibu wake ni mganga mfawidhi, maana yake anayepaswa kuulizwa ndiye anayeandaa ajenda na ndiye anayeandika muhtasari. Taarifa ya fedha inayotoka kwenye mfumo imejaa namba za kasma, yaani vifungu vya bajeti, na mkulima wa viazi wa Isyonje hawezi kuuliza swali kuhusu kitu asichoweza kusoma. Kikao cha robo ya pili kinaangukia Desemba, watu wako shambani, akidi haitimii, kisha daftari linazungushwa nyumba kwa nyumba. Hapo ndipo jina la “wasainishwaji” lilipozaliwa. Dawa ni mwenyekiti, ambaye si mtumishi, kukusanya hoja mbili au tatu za wananchi kabla ya kikao na kuzifanya ajenda ya kwanza. Na taarifa ya fedha iandikwe upya kwa mistari sita ya Kiswahili: tulikuwa na ngapi, zimeingia ngapi, tumenunua nini, kwa nani, kwa bei gani, zimebaki ngapi.

Lipo jambo moja ambalo kamati haiwezi, na watetezi wake, mwandishi huyu akiwemo, hawana budi kulitazama usoni. Utafiti wa kitaifa wa VVU wa 2022/23 uliwakuta watu wazima wanaoishi na VVU kuwa asilimia 4.4 kwa nchi nzima. Njombe ni asilimia 12.7, Iringa 11.1, Mbeya 9.6. Iweke Njombe kwenye kijiji chenye watu wazima 1,000: kwa wastani wa mkoa ni watu 127. Kati yao walio kwenye dawa wanafika kliniki kwa ratiba, wengine kila miezi mitatu, wengine sita, miaka yote. Hakuna kundi linalokijua kituo kuliko wao. Wanajua nani anachelewa kufungua, nani anaacha faili za wagonjwa wazi mezani, nani anaita majina kwa sauti. Na hakuna kundi lenye sababu kubwa zaidi ya kunyamaza mkutanoni. Wapo wanaopanda basi kuchukua dawa wilaya nyingine ili wasionekane kwenye benchi la kwao.

Kwa hiyo mkutano wa kijiji ukisema huduma ni nzuri, umesema bila wateja wakuu wa kituo. Kamati ni majirani, na jirani ndiye hasa anayekwepwa. Lakini kundi la WhatsApp ni baya zaidi: namba zinaonekana, na swali moja la “dawa zetu zimefika?” linatosha kumtangaza mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kundi la kijiji halina namna ya kuitii. Hata ujumbe mfupi una hatari kwenye simu ya familia. Ukitumwa, useme “karibu tarehe 12” bila jina la kliniki, na kwa namba ambayo mteja mwenyewe ameikubali.

Malalamiko ya namna hii yapite kwa mtoa huduma rika, yaani mwenzao anayeishi na VVU anayesaidia kliniki, au kwa mhudumu wa afya ngazi ya jamii, yafike kwenye kamati yakiwa hayana jina: “majina yanaitwa kwa sauti”, basi. Sanduku la maoni nalo linasaidia likiondolewa mbele ya mapokezi na kupelekwa njia ya chooni, ambako kila mtu ana sababu ya kupita. Ufunguo akae nao mjumbe asiye mtumishi, lifunguliwe mbele ya wawili, kila karatasi iingie kwenye daftari na jibu lake. Kijijini mwandiko hujulikana, hasa wa mwalimu, kwa hiyo karatasi yenyewe isizungushwe mezani, isomwe tu.

Linabaki suala la posho. Wajumbe 8 kwa shilingi 5,000, vikao vinne, ni 160,000 kwa mwaka, zaidi ya kadi tano za CHF. Zahanati yenye mapato madogo inaliona pengo hilo. Ingefaa kuanza kwa kuwalipa wawili wanaoitwa ghafla kushuhudia dawa, kwa sababu hao wanaacha jembe katikati ya siku, na vikao vya robo vikapangwa siku ya mnada, wakati wajumbe wameshuka wenyewe kwa shughuli zao.