X ikapatikana kijiweni

Jamani mimi hesabu nilizipenda tangu shule, zenyewe ndo hazikunipenda, ila mbele ya mtoto wa darasa la saba huwezi kukiri hivyo, unavuta kiti unasema "lete hilo daftari" kama vile mtihani uliutunga wewe.

Ilikuwa Alhamisi saa tatu na nusu usiku, nimerudi zangu "ovataimu" (hizo alama ziacheni hapohapo tutazirudia), nimeshakula ugali na dagaa, Neema huyo kaja na fumbo la aljebra. Juma analipwa shilingi 2,000 kwa saa kwa saa 45 za kwanza za wiki, saa zinazozidi analipwa mara moja na nusu, wiki moja kapata 120,000, je alifanya saa ngapi za ziada?

Nikacheka. 120,000 gawanya kwa 2,000 nikapata 60, nikatoa 45, kumi na tano, haya kalale.

Mtoto kaniangalia kwa huruma. "Baba, sasa si umemlipa Juma saa za ziada sawa na za kawaida?"

Kweli bwana, nimemdhulumu Juma wa watu. Tukaanza upya. Saa 45 mara 2,000 ni 90,000. Saa ya ziada moja ni 3,000. Za ziada ziko ngapi hatujui, tuziite x, kwa hiyo 90,000 + 3,000x = 120,000, hamisha 90,000 inabaki 30,000, gawa kwa 3,000, x ni 10. Neema akasema mwalimu anataka wahakiki jibu, tukahakiki, likakaa vilevile.

Hapo ningeaga nikalale ningekuwa mtu mwenye amani zake mpaka leo. Ila sifa. Nikataka mtoto aone aljebra iko hadi kwenye maisha ya baba yake, nikaingiza mkono kwenye begi nikatoa salari slipu. Ndugu zangu, salari slipu haitolewi sebuleni.

"Ona hapa," namwambia, sauti ya profesa, "mshahara wa msingi 585,000. Sheria ya kazi ya 2004 wiki ni saa 45, mwezi wanauhesabu wiki 4.333, zidisha inakuja kama saa 195. Gawa, kila saa 3,000. Ovataimu mara moja na nusu, 4,500. Haya huu mstari wa ovataimu umeandikwa 54,000. Tafuta x."

Akaandika 4,500x = 54,000. "Kumi na mbili baba!"

Nikapiga makofi. Jikoni kulikuwa na sufuria inasuguliwa na stiliwaya, krr krr krr, ikanyamaza ghafla.

Sasa mjue mama Neema anakopesha vitenge hapa Mbagala, kichwani ana daftari la pili la wadeni, anajua nani kabakiza elfu tatu tangu Pasaka. Akatoka anafuta mikono kwenye khanga. "Neema mama, hiyo kumi na mbili ni ya wiki?"

"Ya mwezi mama."

"Wote?"

"Wote."

Akakaa. "Haya na mimi nina fumbo langu. Kuna mtu anatoka kazini saa kumi na moja jioni. Jumatatu mpaka Alhamisi anasema ghala limejaa mzigo, bosi kamuongeza saa tatu. Siku nne, wiki nne, jumla saa ngapi?"

"Arobaini na nane."

"Mara 4,500."

Peni ikakimbia. "216,000."

"Toa alizolipwa."

"162,000."

"Haya. Zitafute."

Nikaanza kusoma makato ya NSSF kama vile ndo nayaona leo. Neema kwa wema wake, yeye anadhani ananisaidia, akasema, "Au mama, labda hela ndo hazikuwepo kwa sababu saa hazikuwepo, 48 toa 12, zinabaki 36."

Mama Neema akanigeukia taratibu. "Baba Neema, x yako ni pesa au ni saa?"

Mnaona mtego ulivyo? Nikisema pesa, kuna 162,000 kila mwezi inalala kwa mtu na huyo mtu hapa ndani ameshapata jina. Nikisema saa, nilikuwa wapi. Nikajaribu kukimbilia sheria, nikasema hata hivyo sheria hairuhusu kuzidisha ovataimu za saa 50 kwa wiki nne. "48 haijazidi 50," akanijibu. Nikasema basi kampuni inanicheleweshea. Akafurahi kabisa, "Ndo ungesema mapema mume wangu, kesho nakusindikiza, mimi kudai naweza." Hapo nikatapika yote.

"Drafti," nikasema.

"Drafti?"

"Kijiweni, pale nyuma ya kinyozi."

Hakuamini. Mtu mzima adanganye saa thelathini na sita kwa ajili ya vizibo vya soda? Akajitanda khanga akatoka, mimi nyuma, Neema nyuma yangu na daftari lake. Tumefika, fundi viatu ambaye namkimbiza mwezi mzima na hajafungika hata salamu hakutoa, "Ahaa kumbe umerudi! Kaa nikumalizie, ulikimbia una kete mbili!" Nikataka kumkumbatia, kaniokoa na ile kesi kubwa. Muuza kahawa naye akadakia, "Shemeji karibu, afadhali umekuja wewe, huyu bwana vikombe vyake thelathini na sita vya mwezi huu hajalipa, mia mbili mbili, 7,200."

Neema akaruka. "Mama! Kila saa kikombe kimoja! Jibu limehakikiwa!"

Kijiwe kizima kikapiga makofi, safari hii si peke yangu.

Hukumu ilitoka palepale: 7,200 nilipe mwenyewe, na zile saa 36 nizirudishe nyumbani kwa kiwango cha ovataimu, mara moja na nusu, saa 54 za kuosha vyombo na kubeba ndoo. Nikaomba za Jumapili basi zihesabiwe mara mbili maana sheria ndo inavyosema kwa siku ya mapumziko, nikaambiwa hiyo ni ya watu wanaolipwa.

Mpaka leo nimefikisha 17. Neema anaziandika ukurasa wa mwisho wa daftari la hisabati, na juzi mwalimu kapitia madaftari, hajauliza kitu, kaweka vema nyekundu.